NYAMONGO: Ukishawasha Moto, Utauweka Wapi?

Ukitaja Nyamongo kijiweni, watu wanakumbuka mambo mawili tu: dhahabu na vurugu. Nilipowaambia washikaji kwamba natia timu huko, mmoja akaagiza jiwe, mwingine akauliza kama nimeshaaga kwetu. Hakuna aliyeuliza habari za moto. Na mimi, wasomaji wangu wapenzi, safari hii nilifuata moto.

Siyo moto wa baruti, la hasha. Naongelea moto wa kuchemshia chai porini, wa kuchomea nyama na kupigia stori. Siku hizi vijana wa mjini tumeivamia fasheni ya kambi. Ijumaa jioni begi mgongoni, hema la kukodi, spika ndogo ya muziki, Jumapili picha mtandaoni. Safi kabisa! Noma inaanza saa moja usiku, mvua imepita, kiberiti kimelowa, kuni zinalia maji, na brazameni mmoja anaifuata petroli ya pikipiki. Hapo ndipo kambi inapogeuka kuwa wodi.

Halafu kuna fasheni ndani ya fasheni: kuchokonoa vifaa vya moto nyumbani. Mtu anakaa chumbani kwake na koleo, anafungua kiberiti cha gesi eti atoe muali mrefu kama wa fundi wa kuchomelea. Mwingine anayeyusha mshumaa kwenye jiko la gesi, pazia liko sentimita chache pembeni. Nikaona kabla hatujaunguza mji, twende kwa watu ambao moto kwao ni kazi ya kila siku.

NJIA YA KWENDA

Ukitokea Mwanza unashika barabara ya Sirari. Unapita Magu, unapita Lamadi ambako Serengeti inakusogelea hadi karibu na lami, unafika Bunda. Musoma unaiacha kushoto, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, halafu Tarime. Hapo shuka, nyoosha miguu, kula kitu. Kutoka Tarime unapanda gari dogo la kuelekea Nyamwaga, na mbele ya Nyamwaga ndiyo Nyamongo. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo utauvuka tena Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti, kuelekea Mugumu.

Kwa taarifa yako, Nyamongo siyo kijiji kimoja. Ni jina la eneo lenye vijiji kama Nyangoto, Kewanja, Kerende na Matongo, na ni jina la Wanyamongo wenyewe, moja ya koo za Wakurya. Ziwa Victoria liko kama kilomita 100 upande wa magharibi, na mpaka wa Kenya uko kama kilomita 20 tu upande wa kaskazini.

Kabla hujaona nyumba unaona vilima vya mawe, na vingine havikuumbwa na Mungu. Ni mawe yaliyotolewa ardhini na mgodi wa North Mara, ambao ulianza kuzalisha mwaka 2002. Wachimbaji wadogo walikuwepo muda mrefu kabla ya hapo, na mpaka leo wapo. Ukipita mitaani utasikia karasha zinasaga mawe na utaona akina mama wamekaa chini na nyundo, wanaponda. Bodaboda zinapita na viroba vya mawe, spika za maduka zinashindana, na ng'ombe wanakatiza katikati ya yote hayo kama wenye mji. Na kweli ndio wenye mji. Kwa Mkurya dhahabu ni hela, lakini ng'ombe ni heshima.

Nilipokelewa na mwenyeji wangu, kijana wa rika langu tuliyefahamiana Mwanza. Kwao ni mbali kidogo na makelele, kwenye mteremko unaotazama bonde la Mto Mara. Jioni ya kwanza nilifunguliwa karamu ya nyama choma na kichuri. Kama hujawahi kuonja kichuri, jiandae: ni kitoweo kichungu kinachotoka tumboni mwa mnyama mwenyewe, na wenyeji wanakuangalia usoni ukimeza. Nilimeza. Wakacheka, nikawa mtu wa nyumbani.

SWALI LA MZEE

Nilikuwa nimebeba vifaa vyangu vyote ili nivijaribu: viberiti vya njiti, viberiti viwili vya gesi, kimoja kimekwisha, na kile kijiti cha kisasa cha cheche ambacho vijana wanakiagiza kwa simu. Baba mkubwa wa mwenyeji wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametulia na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura. Hayo ni madawa?"

Nikamwambia ni vitu vya kuwashia moto porini. Nikakwangua kile kijiti, cheche zikaruka kama fataki za Idi. Watoto wakapiga makofi. Mzee hakupiga makofi. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mura, ukishauwasha, utauweka wapi?"

Niwaambie ukweli, nimesoma maelezo mengi kuhusu vifaa vya moto na swali hilo sijaliona likiwekwa mwanzoni. Mzee akanieleza kwamba zamani wakichunga mbali, kupata cheche haikuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuipa cheche mahali pa kulala, kuilisha taratibu, na kuizuia isitoke kwenda kula malisho ya ng'ombe na nyumba za nyasi. Cheche bila kitanda ni sifa tu.

Usiku huo huo mama wa nyumba alinipa somo bila kujua. Baada ya kupika alivuta kuni nje ya mafiga, akachagua kaa moja nene, akalifukia kwenye majivu. Alfajiri akalifukua, likiwa bado jekundu ndani, akaweka vijiti vikavu, akapuliza mara tatu. Chai! Hakuna njiti iliyotumika.

Ujanja huo ni wa zamani usipime. Mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyeganda kwenye barafu zaidi ya miaka 5,000. Wakampa jina la Ötzi. Kwenye vitu vyake kulikuwa na chombo cha gome la mti, ndani yake majani mabichi na vipande vya mkaa: jamaa alikuwa anatembea na kaa lake la moto. Mzungu wa kale na mama wa Nyamongo, akili moja.

NJITI ZA KAWAIDA

Tuanze na kiberiti cha dukani, maana ndicho cha bei nafuu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni salfa. Njiti za kusugua zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827 na mfamasia John Walker. Baadaye zikaja njiti za fosforasi nyeupe, ambayo iliozesha mataya ya wafanyakazi viwandani hadi mkataba wa kimataifa wa Bern wa mwaka 1906 ukaipiga marufuku. Hizi tunazotumia leo zina asili ya Sweden, ambako Gustaf Erik Pasch alipata wazo la kutenganisha dawa mwaka 1844: nusu iko kwenye kichwa cha njiti, nusu iko ubavuni mwa boksi.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kukumbuka unapoboresha njiti zako. Ukibeba njiti bila ule ubavu wa boksi umebeba vijiti vya meno. Kata ubavu wa boksi, uweke pamoja na njiti kwenye chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko cha kukaza, lakini uufunge kwenye kipande cha karatasi usigusane na vichwa vya njiti. Ukiviacha vinasuguana mfukoni wakati unapanda kilima cha Kewanja, utapata habari.

Kuzuia maji, tumia nta ya mshumaa. Lakini usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto! Nta ikizidi joto inashika moto yenyewe, na ukiimwagia maji inalipuka kama mafuta ya kukaangia. Weka nta kwenye kopo, kopo ulisimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya moto, halafu sufuria uitoe jikoni kabisa kabla hujaleta njiti. Chovya kichwa na nusu ya kijiti, toa, acha ikauke. Kabla ya kuwasha unakwangua nta kichwani kwa ukucha. Ubavu wa boksi usiupake nta, utauua.

Nyamongo niliona njia rahisi zaidi. Muuza duka mmoja, boksi lake la kiberiti liko ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na liko kwenye mfuko wa shati, karibu na kifua. Joto la mwili linalinda njiti na unyevu. Gharama yake ni sifuri.

KIBERITI CHA GESI

Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Gesi ya ndani ya kiberiti imekandamizwa mpaka ikawa maji. Ukiichokonoa valvu ili muali uwe mrefu, unaondoa kitu pekee kinachokutenganisha na mlipuko mdogo mkononi. Usichokonoe. Kile kibati kinachozunguka muali kinaukinga na upepo na kinazuia plastiki isiungue; kiache. Kama kuna kizuizi cha watoto kwenye gurudumu, kiache pia. Na viberiti vya kutupa havikutengenezwa kujazwa upya. Valvu ikishachokolewa haijulikani itavuja lini, pengine ni usiku mfukoni mwako ndani ya hema.

Ruhusa unayo ya mambo mawili. La kwanza, kata pete ya tyubu ya baiskeli, uivishe chini ya kile kitufe cha gesi ili kisibonyezwe kwa bahati mbaya ndani ya begi. Ukitaka kuwasha unaishusha. La pili, zungushia kiwiliwili chake pete nyingine mbili za tyubu. Zinasaidia mkono uliolowa kushika, na kipande kidogo cha tyubu kinaweza kuwasha kuni mbichi wakati umekwama kweli. Ila moshi wake ni sumu, kwa hiyo usiuvute, na usiweke nyama juu mpaka mpira uishe wote.

Jua la Mara mchana siyo la mchezo. Viberiti hivi huandikwa visizidi joto la nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa juani joto linafika huko bila kuomba ruhusa. Vibebe kivulini.

Sasa raha inakuja: kiberiti kilichokwisha gesi hakijafa! Lile jiwe dogo linalotoa cheche ni mchanganyiko wa chuma na seri, uliovumbuliwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Ni ndugu wa kile kijiti cha kisasa cha bei mbaya. Gesi ikishaisha kabisa, gurudumu bado linatoa cheche, na cheche hizo zinawasha pamba iliyochomwa, nitakayoieleza hapa chini. Usikitoboe, usikitupe motoni. Kigeuze tu kiwe cha cheche. Mzee alipoona hilo, kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Kwa wenye kile kijiti kikubwa: vunja kipande cha msumeno wa chuma, sehemu ya meno uizungushie plasta nene, halafu tumia mgongo wake wenye kona kali kukwangulia. Shika kikwanguo palepale, vuta kijiti kurudi nyuma. Hivyo hutapiga teke moto ulioanza kushika. Na kijiti chenyewe usikipeleke kwenye mashine ya kutoboa wala grenda. Unga wake unawaka wenyewe kwa joto kali mno.

CHUMA NA JIWE

Jirani wa mwenyeji wangu ana jiliwa na grenda, anatengeneza majembe na milango. Kwake ndiko tulikogeuza tupa la zamani kuwa chuma cha cheche. Tupa limejaa kaboni na limekomazwa, ndiyo maana linagoma kupinda. Fundi akalibana kwenye jiliwa, akalifunika gunia nene, akaligonga nyundo mara moja likakatika. Usipolifunika, vipande vinaruka kama risasi. Kipande cha urefu wa kidole akakilainisha ubavu mmoja kwenye grenda mpaka meno yakaisha, akikichovya kwenye ndoo ya maji kila baada ya sekunde chache. "Kikigeuka bluu kimekufa," akasema. Chuma kikipata joto la kubadilika rangi kinapoteza ukakamavu, na hakitoi tena cheche. Muda wote alivaa miwani, na mimi akanipa ya kwangu. Mwishoni tukakizungushia tyubu sehemu ya kushika.

Jiwe la kugongea liko kila mahali: jiwe jeupe gumu la kwatzi, lile lile ambalo dhahabu hupenda kujificha ndani yake. Unachagua lenye kona kali, unaligonga kwa chuma kwa kupapasa kuelekea chini. Miwani hapa pia, kwa sababu vipande vya jiwe havichagui jicho.

Ndani ya mawe ya huku kuna kitu kingine kinachong'aa manjano na kuwadanganya wageni. Kinaitwa pairiti, wengine wanakiita dhahabu ya wajinga. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moto, kwa sababu ukiligonga jiwe hilo linatoa cheche. Yule Ötzi naye alikuwa na chembe zake kwenye kifuko chake. Yaani jiwe lililoliza watu wakidhani wametajirika ndilo lililowasha moto wa mababu wa dunia. Hilo peke yake lilinitosha nauli.

Lakini sikilizeni, washikaji. Msije Nyamongo mkaruka uzio kutafuta mawe. Mwezi Mei mwaka 2011 polisi walifyatua risasi kwenye mgodi huu, na watu wasiopungua watano walipoteza maisha. Familia zinajua uchungu wake mpaka leo. Kwatzi la barabarani linatosha. Pia usiokote waya, utambi au kitu chochote kinachofanana na baruti ukidhani kitawasha kuni zako. Hicho hakiwashi, kinakata mikono.

KITANDA CHA CHECHE

Cheche za chuma zina joto dogo, haziwezi kuwasha nyasi moja kwa moja. Zinahitaji kitanda laini. Chukua kipande cha kanga kuukuu cha pamba tupu. Kitambaa chenye nailoni kinayeyuka na kung'ang'ania kwenye ngozi. Tafuta kopo la bati lenye mfuniko, kama la Africafé. Toboa tundu moja dogo kwa msumari, panga vipande vya kanga ndani, funika, weka juu ya makaa, nje ya nyumba. Moshi utatoka kwenye tundu, na moshi huo wenyewe unaweza kushika moto, kwa hiyo uso wako ukae mbali. Ukikoma, toa kopo, ziba tundu kwa kijiti, uliache lipoe kabisa. Ukiwa na haraka ukafungua likiwa moto, hewa inaingia na kanga inawaka mbele ya pua yako. Likipoa utakuta vitambaa vyeusi, vyepesi. Cheche moja ikitua hapo inatambaa taratibu kama siafu mwekundu.

Mama wa nyumba alituuliza swali moja kabla hajaturuhusu: "Hilo kopo limetoka wapi, wanangu?" Swali la maana kuliko linavyoonekana. Kwenye mialo ya kusafishia dhahabu wachimbaji wadogo wanatumia zebaki, wanaichanganya na mchanga wenye dhahabu halafu wanaichoma. Zebaki inageuka mvuke usioonekana, unaoharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Kopo, karai au jiko lililowahi kufanya kazi hiyo halifai tena kwa chai, kwa ugali wala kwa kuchomea kanga. "Hapa kwangu kopo nisilolijua haliingii jikoni," akasema, na hakuna aliyebisha. Popote ulipo, kanuni ni hiyo hiyo: kopo la chakula, siyo la rangi, siyo la dawa, siyo la mwaloni.

Kanga iliyoshika cheche unaiweka katikati ya kiota cha nyasi kavu zilizosuguliwa mikononi, unapuliza kwa pumzi ndefu, muali unatoka. Ukiongeza kinyesi kikavu cha ng'ombe umepata kaa linalodumu muda mrefu na halina papara. Wakurya hawakosi bidhaa hiyo!

Mzee akaagiza vijiti viwili vikavu ili tuone kazi ya zamani. Mmoja laini, akauchonga kitundu na mfereji pembeni. Mwingine mgumu na mnyofu, huo ndio ulindi wa kupekechea. Kijana mmoja akaubana wa chini kwa mguu, viganja vikaanza kupanda na kushuka, alipochoka akapokelewa na mwenzake. Unga mweusi ukajaa mferejini, ukatoa moshi, ukawa kaa dogo kama punje ya mtama. Hakuna gesi, hakuna nta. Viganja tu, vijiti vikavu na subira. Wenzetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado wanafanya hivyo kama sisi tunavyobonyeza swichi.

SASA UNAUWEKA WAPI?

Siku ya pili tulishuka bondeni. Mto Mara unatiririka kahawia na mzito, na haukuhitaji kuambiwa kwamba mamba na viboko wamo. Ng'ambo ni wilaya ya Serengeti, na ukiufuata mto kuelekea mashariki unafika hifadhini, kule Kogatende ambako kati ya Julai na Oktoba nyumbu wanavuka kwa maelfu. Miezi hiyo nyasi ni kavu kama karatasi na upepo haulali. Hifadhini usiwashe moto wako wa kienyeji, kambi zina mahali pake na askari wapo. Nje ya hifadhi nako Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inabana uchomaji ovyo. Muulize mwenye eneo kwanza, na mwenyekiti wa kitongoji akikuambia hapana, ni hapana.

Njiani binamu mdogo wa mwenyeji wangu alinionyesha mkono wake wa kulia. Ngozi kutoka kiganja hadi kiwiko imekunjamana, inang'aa. Alikuwa na miaka kumi na tano, kuni zimelowa, akamwagia petroli kutoka kwenye chupa ya soda juu ya makaa aliyodhani yamekufa. Moto ulirudi kwa njia ya petroli mpaka kwenye chupa. "Nikaitupa," akasema, "ikaangukia ng'ambo, kwenye majani ya nyumba." Nyumba iliungua, watu walitoka wazima. Nyumbani walimpaka dawa ya meno na yai. Hospitali walianza kwa kuyaondoa hayo yote, na anasema hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yenye maumivu kuliko moto wenyewe. Ukiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kitambaa kisafi, halafu hospitali. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna mafuta.

Tulipofika chini, yeye ndiye aliyetuandalia mahali, na hakutaka msaada. Alifyeka nyasi upana wa hatua mbili kila upande, akachimba kishimo, akapanga mawe makavu ya mlimani. Ya mtoni aliyakataa kwa sababu yana maji ndani na yanapasuka kwa joto. Akaweka ndoo ya maji na tawi bichi pembeni. Ndipo akanigeukia: "Haya, kaka, leta cheche zako."

Kiberiti kilichokufa, kanga, nyasi, kinyesi. Dakika tatu, chai ikawa jikoni. Jioni akamwaga maji, akakoroga majivu kwa kijiti, akamwaga tena, akayagusa kwa mgongo wa ule ule mkono wenye kovu. Yalikuwa baridi. Hapo ndipo akakubali tuondoke.

Kwa mnaotaka kwenda: vaeni viatu vizito, msafiri mchana, fikieni kwa mwenyeji, na msipige picha karibu na uzio wa mgodi. Mvua za vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, njiti zenu zijiandae. Namba ya Zimamoto nchi nzima ni 114, lakini bondeni kule gari lao liko mbali, zimamoto ni wewe na ndoo yako. Begini msisahau kopo, kanga kuukuu na kiberiti kilichokwisha. Petroli iacheni kwenye tangi la pikipiki, ndiko ilikozaliwa kukaa. Na kichuri, jamani, mezeni haraka.